Mwanamke Aliyekuwa Kijitoni

Jaji Tunstall alipouliza ni wakili gani atakayemtetea yule mjane wa Kibohemia, mhamiaji kutoka Ulaya ya kati, mawakili wa mji wa Brannock waliinamisha vichwa kama watu waliodondosha kitu sakafuni. Mmoja alikohoa. Wa pili alisema ana kesi ya mpaka wa shamba inayomkaba koo. Wa tatu alisema wazi kwamba hawezi kumtetea mwanamke aliyemlisha mumewe sumu ya fuko, halafu jioni arudi nyumbani ale chakula alichopikiwa na mkewe. Watu wakaangua kicheko.

"Mimi nitamchukua, Mheshimiwa," ikasema sauti kutoka benchi la nyuma.

Alikuwa Philena Garrow. Mwaka huo wa 1896, katika Nebraska nzima, wanawake waliokula kiapo cha uwakili ulikuwa unaweza kuwakalisha kwenye meza moja ya chai na viti vikabaki. Philena alifundishwa sheria na baba yake, katika ofisi yake mwenyewe iliyokuwa juu ya duka la hatamu, na baba huyo alipofariki majira ya kuchipua, binti alibaki na ofisi, vitabu, na nguo nyeusi za matanga. Watu walimletea wosia, hati za mashamba, na ugomvi wa ng'ombe waliovunja ua. Kesi ya mauaji hakuna aliyekuwa na wazo la kumpelekea.

"Binti Garrow," Jaji akasema akivua miwani, "unajua kwamba hii ni kesi ya kitanzi?"

"Najua, Mheshimiwa. Ndiyo maana haifai mtu aachwe peke yake."

Mambo yalivyokuwa ni hivi. Alhamisi moja ya mwezi wa Oktoba, mkulima Vojtech Hruska alikufa kitandani kwake, mwili umejipinda kama upinde, meno yameumana. Daktari wa kaunti, Warren Haskett, alifika saa ya mwisho, akamwona mgonjwa akirushwa na mshtuko juu ya mshtuko mpaka akakata roho. Mkuu wa polisi alipopekua banda alikuta kopo la striknini, sumu ambayo wakulima wa huko huwatilia fuko mashimoni. Ludmila, mke wa marehemu, ndiye aliyelinunua. Na huyo Ludmila, wakati wa mavuno ya ngano, alisimama dukani jicho limevimba kwa kipigo, akasema mbele ya watu, "Iko siku nitamtia sumu huyu." Kwa watu wa Brannock hapakuwa na la zaidi. Waliona hata kuendesha kesi ni kupoteza kuni za kupashia mahakama joto.

Philena alimkuta jela, amekaa wima juu ya kitanda cha chuma. Alikuwa mwanamke mwenye mifupa mipana na mikono ya kazi, kitambaa chekundu kichwani, na alizungumza kama mtu anayechagua mawe ya kukanyagia mtoni.

"Mimi sikuua," alisema. "Kutaka afe, nilitaka. Mara nyingi, usiku namwomba Mungu. Lakini sikuua."

"Usiwaambie wengine hilo la kumwomba Mungu, Bibi Hruska."

"Kwa nini? Si kweli?"

"Kweli. Ndiyo maana."

Ludmila akamtazama kidogo, kisha akaendelea. Mumewe alikanyaga msumari bandani kwa nguruwe. Kidonda kikafunga, wakakisahau. Baadaye, Jumapili, akaamka taya limekaza. Hata mkate uliolowekwa kwenye maziwa haukupita.

"Nikapanda nyumbu nikaenda kwa daktari. Nyumbani hayupo. Wakasema kaelekea kijitoni. Nikamfuata. Gari lake liko chini ya miti. Nikamwambia, Bwana Daktari, mume wangu taya limeganda. Akasema, hilo jino tu. Asukutue maji ya chumvi, kesho nitakuja. Kesho hakuja. Kesho kutwa hakuja. Amekuja kumwona akifa, na sasa anasema mimi sikumwita."

Kalamu ya Philena ilikuwa imesimama. 

"Alikuwa peke yake?"

"Kulikuwa na mwanamke garini. Kavaa nyeusi, shela usoni." Macho ya Ludmila, ya rangi ya majivu, yalitua kwenye kola nyeusi ya wakili wake yakakaa hapo. "Sura sikuiona."

Philena alifunga mkoba wake, akaaga, akatoka. Alipofika nyuma ya jengo aliegemea ukuta kwa mikono miwili kama mlevi.

Mwanamke yule alikuwa yeye.

Jumapili ile Warren Haskett alikuwa amemchukua kwenda kuchuma zabibu mwitu, na katikati ya kazi hiyo, vidole vyao vyote vimeiva zambarau, akamwuliza kama atakubali kuwa mke wake. Philena alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alikwisha kujizoesha kudhani swali hilo halitamfikia tena, na lilipofika alijibu haraka mpaka wakacheka wote wawili. Wakakubaliana kuficha jambo hilo mpaka mwaka wa matanga uishe, kwa sababu mama yake asingestahimili kusikia habari za harusi udongo wa kaburi haujakauka. Hapo ndipo nyumbu alipotokea. Warren aliteremka, akasema maneno machache, akarudi. "Kuna nini?" Philena alimwuliza. "Mtu anaumwa jino," akajibu, akamshika mkono. Na yeye alikuwa amemsahau mwanamke yule hata kabla nyumbu hajavuka mwinuko.

Siku iliyofuata alikwenda kwa daktari mchana kweupe, akipitia mlango wa wagonjwa. Warren alikuwa anaosha mikono. Alikuwa mrefu, mabega yameinama kidogo kwa kuingia nyumba zenye milango mifupi, na alipomwona aliachia tabasamu.

"Umeniambia uongo," Philena akasema. "Au umeuambia mji mzima uongo, na hilo ni baya zaidi. Yule mwanamke alikuja Jumapili."

Tabasamu likayeyuka. Alikausha mikono taratibu, kidole kwa kidole.

"Phil. Nilikuwa nalilinda jina lako."

"Jina langu lilikuomba?"

"Fikiri kwanza. Wewe na mimi, peke yetu, msituni, nguo za msiba mwilini. Mama yako atatembeaje mjini? Nani atakuletea hata hati ya kuandika?"

"Na Ludmila Hruska atatembeaje, Warren? Wanataka kumnyonga."

"Kopo la sumu lilikuwa bandani!"

"Kila banda la kaunti hii lina kopo. La kwako pia." Aliushika ukingo wa meza. "Niambie kama daktari. Ilikuwa sumu?"

Nje mtu alikuwa anapita akipiga mluzi, wakangoja apite.

"Nilipofika alikuwa anakufa," akasema. "Nikaona kopo. Nikajiambia ni striknini. Nimejiambia hivyo kila siku. Kwa sababu kama si striknini, basi ni pepopunda, na kama ni pepopunda, nilipaswa kwenda Jumapili ile. Labda asingepona. Wengi hawaponi. Lakini nilipaswa kwenda."

"Basi liseme hilo mahakamani."

"Nikilisema, nimekwisha. Na wewe umekwisha pamoja nami."

Philena alimtazama. Alimpenda. Hilo ndilo lililomuuma, kwamba kuliona tundu lile ndani ya mtu hakukumwondolea upendo hata kidogo. Ulibaki pale pale, kama mfupa uliokaa vibaya kooni.

"Nitakuuliza mbele ya watu," akasema. "Ujiandae."

Theluji ilianguka mapema mwaka huo, mahindi mengi yakabaki yamesimama mashambani. Kesi ilipangwa Januari. Wiki zote hizo Philena alitafuta wakili wa kumpokea kesi, kwa kuwa wakili hapaswi kuwa shahidi katika kesi yake mwenyewe. Aliwaandikia mawakili wa miji ya jirani, akajibiwa kwa upole au hakujibiwa kabisa. Basi siku moja kabla ya kesi kuanza alikwenda jela, akakaa mbele ya Ludmila, akavua glavu.

"Bibi Hruska, kuna jambo ambalo nilipaswa kukwambia tangu siku ya kwanza. Yule mwanamke aliyekuwa kijitoni—"

"Ulikuwa wewe."

Glavu zilimtoka Philena mkononi.

"Nilikujua ulipoingia mlangoni hapa," Ludmila akasema. "Shela linaficha sura. Halifichi namna mtu anavyosimamisha shingo."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungekimbia. Mimi nina wakili mmoja tu. Nikasema ngoja nione huyu ni mtu wa namna gani." Alikunja mikono yake mikubwa mapajani. "Umechelewa. Lakini umesema."

"Daktari anaweza kukana. Nikisimama mimi kutoa ushahidi, watasema ni ugomvi wa wapenzi. Tunaweza kushindwa hata kwa ukweli."

"Unampenda?"

"Ndiyo."

"Pole," akasema yule mjane, na alisema kwa dhati.

Siku ya kesi watu walijazana mpaka madirishani. Wanawake walikuja na vikapu vya chakula. Jiko la makaa lilikuwa jekundu, na mvuke ulipanda kutoka kwenye makoti yaliyolowa theluji. Kwenye viti vya pembeni waliketi wale wanaume kumi na wawili wa jopo, walioapishwa kuamua kama Ludmila ataishi au atakufa. Karibu wote wakulima, wenye ndevu, na hata mmoja hakuwa Mbohemia.

Mwendesha mashtaka, Cyrus Pell, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuimbia kanisani. Alipita mbele ya meza ya Philena akainama kama anayetoa heshima.

"Binti Garrow! Nasikitika tumekutoa jikoni. Natumaini hukuacha chungu motoni."

Watu wakacheka.

"Kimeshaiva, Bwana Pell," Philena akamjibu bila kuinua macho kwenye karatasi zake. "Nimekuja kukupakulia."

Kicheko kikahama upande, na Pell akaenda kuketi shingo imekuwa nyekundu.

Lakini siku ile nzima ilikuwa ya Pell. Mwenye duka alieleza tishio la Ludmila, akaigeza hata lafudhi yake. Mkuu wa polisi alilionyesha kopo. Kila mara watu wa jopo walipomtazama mshtakiwa, walimkuta amekaa wima vile vile, macho makavu, na Philena aliona kabisa kwamba ukavu ule unamponza. Wangemhurumia angelia. Alimnong'oneza, "Hata kidogo huwezi?" Ludmila akajibu, "Nililia kwa miaka. Yamekwisha."

Kesho yake aliitwa daktari.

Warren aliapa, akaketi, akajibu maswali ya Pell kwa sauti tulivu. Ndiyo, alimwona marehemu akifa. Ndiyo, dalili zililingana na striknini. Je, aliwahi kuitwa kabla ya Alhamisi?

Warren alimtazama Pell, si Philena.

"Hapana," akasema.

Mpaka sekunde ile Philena alikuwa bado na tumaini. Alisimama, na kwa hatua chache zile za kufika mbele ya kizimba cha shahidi alijihisi anatembea ndani ya maji.

"Daktari Haskett. Mtu akilishwa striknini, inamchukua muda gani kufa?"

"Kwa kawaida saa chache."

"Si siku?"

"Si siku."

"Na taya? Taya hukaza kwanza au mwisho?"

"Mara nyingi mwisho."

"Na kwa pepopunda?"

"Kwanza. Taya hutangulia. Baadaye mgongo."

"Na mgonjwa hukaa muda gani?"

"Siku kadhaa."

"Kwa hiyo mtu ambaye taya lake limeganda Jumapili na akafa Alhamisi, hakufa kwa striknini."

"Kama lingeganda Jumapili," Warren akasema taratibu. "Hakuna aliyeniambia hivyo."

Minong'ono ikapita ukumbini. Philena alikuwa karibu naye kiasi cha kuona mshipa ukipiga shingoni.

"Jumapili ile mchana ulikuwa wapi?"

"Kijitoni."

"Peke yako?"

Sasa alimtazama machoni, na katika macho yale Philena aliona anaombwa. *Acha. Ishia hapo.*

"Hapana."

"Ulikuwa na nani?"

"Na mwanamke. Mwanamke mwenye heshima zake. Sitamtaja."

Pell aliruka kama aliyechomwa na mwiba. "Mheshimiwa! Hivi tumefika mahali pa kuchafua majina ya wanawake wa mji huu ili kumwokoa huyu?"

Watu wakaunga mkono kwa sauti. Jaji aligonga meza. "Shahidi atajibu," akasema, ingawa uso ulionyesha hapendi.

"Mniweke ndani, Mheshimiwa," Warren akasema. "Kumtaja sitamtaja."

Na hapo Philena aliona jambo ambalo hakulitegemea. Watu wa jopo walikuwa wanatikisa vichwa kwa kukubali. Mmoja, mzee mwenye ndevu nyeupe, alimtazama daktari kama baba anayejivunia mwana. Walimwona muungwana. Ukimya wake ulikuwa unang'aa mbele yao kama vazi jipya, na nyuma ya vazi hilo Ludmila alikuwa anasukumwa kwenye kitanzi.

Aliigeukia meza yake. Hapakuwa na msaada wowote pale. Katika safu ya pili alimwona mama yake, Bibi Augusta Garrow, ndani ya nguo nyeusi kama zake, mkono umeshika mkufu. Philena alitamani kumwomba radhi kwanza. Hapakuwa na nafasi.

"Mheshimiwa Jaji," akasema, "naomba niapishwe."

"Wewe?"

"Mimi. Shahidi ameshindwa kumtaja mwanamke yule. Nitamsaidia."

Alikula kiapo, akaketi pale alipoketi daktari. Alisimulia kwa sauti ya kawaida. Gari chini ya miti. Nyumbu. Kitambaa chekundu. Mwanamke aliyezungumza na daktari, na daktari aliyerudi akasema mtu anaumwa jino. "Mwanamke mwenye shela nilikuwa mimi," akamaliza. "Na aliyekuja juu ya nyumbu ni mshtakiwa yule pale."

Kelele zililipuka. Bibi mmoja akasema kwa sauti, "Mungu wangu, na matanga yote haya!" Jaji aligonga mpaka nyundo ikamtoka mkononi.

Pell alisimama polepole. Alikuwa anatabasamu.

"Mlikuwa mkifanya nini huko, Binti Garrow?"

"Tulichuma zabibu. Kisha Daktari Haskett akanichumbia."

"Ukakubali?"

"Nikakubali."

"Na sasa hivi ni mchumba wako?"

"Sijui."

"Hujui!" Pell akawageukia watu wa jopo, mikono imetanuka. "Waungwana, hajui! Mapenzi yameingia mdudu, na mwanamke amepandwa na hasira. Anataka kumwangusha mwanamume aliyemkosea, na silaha aliyopata ni shingo ya mteja wake. Hivi, Binti Garrow, uliyasikia kwa masikio yako maneno ya mshtakiwa? Neno taya ulilisikia?"

Hapa angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na nani angembishia? Ludmila alikuwa anamtazama. Warren alikuwa anamtazama.

"Sikulisikia," akasema. "Nilikuwa mbali, na nilikuwa na furaha. Sikusikiliza."

"Hukusikia!" Pell akaketi kama mtu aliyeshiba. "Sina swali zaidi."

Philena alibaki kitini. Alijua amejitupa mwenyewe, amemtupa mama yake, na bado hakumwokoa mtu.

"Amesema kweli."

Sauti ilitoka upande wa madirisha. Warren alikuwa amesimama, rangi imemtoka kama mgonjwa.

"Keti, Daktari," Jaji akasema.

"Mheshimiwa, niliapa hapa asubuhi nikasema uongo. Nirudisheni pale nilipoketi."

Pell alipinga mpaka sauti ikakwaruza, lakini Jaji alimrudisha. Wakati huu Philena hakuwa na nguvu ya kumpangia maswali. Alimwuliza moja tu: "Ilikuwaje?" Na Warren akaeleza yote, akiitazama mikono yake. Kwamba Ludmila alikuja. Kwamba alisema taya, alilisema wazi, hata akamwonyesha kwa kidole kwenye taya lake mwenyewe. Kwamba hakutaka kuiacha furaha yake mchana ule, na Jumatatu akajiambia jino si kitu, na Jumanne vile vile.

"Na siku ya kifo," akasema, "nilimvua soksi. Chini ya unyayo kulikuwa na alama nyeusi ya msumari, nyama imevimba kuizunguka. Nikamvisha soksi tena."

Yule mzee mwenye ndevu nyeupe alifumba macho.

Jopo lilitoka, likarudi kabla jua halijashuka. Msemaji wao alisimama, akageuza kofia mkononi. Philena alikuwa amemshika Ludmila mkono, na hakujua ni wa nani kati yao uliokuwa unatoka jasho.

"Hana hatia," akasema.

Ludmila hakupiga kelele. Mabega yalianza kumtikisika, na yale machozi aliyosema yamekwisha yakamtoka mbele ya watu wote, sasa ambapo hayakuwa na faida tena.

Mji haukuwasamehe, hata hivyo. Wanawake wa kanisani walianza kuvuka barabara wakimwona Philena. Mama yake alikaa siku nyingi bila kumsemesha, na alipofungua kinywa alisema tu, "Ningefurahi kuambiwa mimi kwanza." Philena akapiga magoti akaweka kichwa kwenye mapaja yake, kitu ambacho hakukifanya tangu utotoni, na bibi yule akamwacha hapo. Warren alijiuzulu udaktari wa kaunti. Kwa lile la kuapa uongo, Jaji alimkemea vikali mbele ya watu, akamwachilia. Wagonjwa wakahamia kwa daktari wa mji wa jirani.

Februari, Philena alikwenda shambani kwa Ludmila kumpelekea hati za urithi. Mahindi yalikuwa bado yamesimama kwenye theluji, na katikati yake mtu alikuwa anavunja, anamenya, anatupa mahindi kwenye gari la mizigo. Akayatambua mabega.

"Alikuja mwenyewe," Ludmila akasema mlangoni. "Simlipi. Simsalimu. Mchana namwekea supu juu ya nguzo ya ua, basi."

"Umemsamehe?"

"Mahindi yangu yanataka kuvunjwa," akajibu Ludmila, akaingia ndani.

Philena akatembea mpaka shambani. Warren alisimama alipomwona, mikono imepasuka, damu imekauka kwenye vifundo.

"Sikuja kukuomba kitu," akasema.

"Najua."

"Kuna mji huko magharibi, karibu na vilima vya mchanga. Hawana daktari. Nimewaeleza niliyoyafanya. Wamesema nije."

Philena alitazama safu zilizobaki. Alitaka kumwambia mambo mengi, na mengine yalikuwa makali.

"Na mimi nilikuwa pale," akasema hatimaye. "Nilimwona mwanamke amekuja mbio juu ya nyumbu, nikakubali kwamba ni jino. Siwezi kukubebesha yote peke yako. Lakini kuolewa nawe siwezi, Warren. Nikikutazama nasikia lile 'hapana' lako."

"Na mimi nalisikia," akasema. Akainama, akachukua hindi lingine.

Warren aliondoka Machi. Hawakuandikiana. Philena alibaki Brannock, akatetea yeyote aliyemjia, na waliokuja sasa walikuwa Wabohemia. Walipanda ngazi za duka la hatamu kofia mkononi, wakimwita "wakili wa Ludmila". Alijifunza lugha yao kiasi cha kuweza kugombana kwayo. Mara moja moja mfanyabiashara wa ng'ombe aliyetoka magharibi alileta habari: daktari wa kule anatoka akiitwa hata kwa jino, hata kwa kikohozi cha mbwa, watu wanamtania, wanasema ukipiga chafya anatandika farasi.

Philena alizisikia habari hizo mwaka wa kwanza akanyamaza. Mwaka wa pili alianza kuziuliza mwenyewe. Mama yake, ambaye siku hizo alikuwa anashona karibu na dirisha, alisema bila kuinua kichwa, "Mwanangu, kama ni kwenda, nenda. Usinifanye mimi ndiyo kisingizio chako."

Philena alishuka garimoshi katika mji ule wa magharibi asubuhi ya upepo, mchanga ukimpiga usoni. Akaonyeshwa nyumba ya daktari, ndogo, ya matofali ya udongo na majani. Chumba cha nje kilikuwa kimejaa: mama na mtoto mwenye upele, mchunga ng'ombe aliyefunga mkono kwa shati, na bibi kizee mwenye fimbo. Mlango wa ndani ukafunguka, Warren akachungulia, mvi zimeanza kumtoka kando ya masikio, akauliza kwa sauti ya uchovu, "Haya, nani anafuata?"

"Mimi," Philena akasema.

Warren akashika fremu ya mlango.

"Wewe?" yule bibi kizee akafoka, akigonga fimbo sakafuni. "Wewe binti umeingia sasa hivi! Mimi nipo hapa tangu alfajiri na kiuno changu. Utangoja kama wenzako."

"Samahani, bibi," Philena akasema. "Umesema kweli."

Akavua kofia, akasogea mwisho wa benchi karibu na yule mchunga ng'ombe, akakaa kungoja zamu yake.